UZI: Kufunga wilikepu ulizotengeneza mwenyewe kwenye rimu za chuma

#1 MguuWaChuma (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu ni mrefu, na nimeuandika kwa sababu ya jambo moja lililonitisha. Miezi mitatu iliyopita wilikepu yangu ya mbele kushoto, kile kifuniko cha plastiki kinachofunika uso wa rimu, ilichomoka gari likiwa kwenye mwendo. Niliisikia ikigonga fenda, halafu nikaiona kwenye kioo inabingirika yenyewe kuelekea pembeni, ikapita mbele ya mzee mmoja aliyekuwa anatembea kwa miguu. Hatua mbili tu zilimwokoa. Nilisimama, nikarudi kumwomba radhi. Akaiokota mwenyewe, akanikabidhi, akasema, "Kafunge vizuri, mwanangu." Basi. Lakini neno lile limenikaa.

Tangu siku hiyo nimevua zote nne, nimejifunza kupima upya, nimetengeneza seti yangu mwenyewe, na leo zimeshatembea zaidi ya kilomita 2,000 bila kusogea. Wengi wetu tunaichukulia wilikepu kama pambo tu. Lakini inazunguka na tairi, inatikiswa na kila shimo, na ikikaa vibaya inaweza kukata valvu au kumjeruhi mtu asiyehusika kabisa na gari lako. Kwa hiyo naomba tuipime kama tunavyopima pedi za breki.

Kosa langu lilianzia kwenye kipimo. Nilichukua tepu, nikapima rimu kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini, nikapata sentimita 41 na nusu. Nikagawanya kwa 2.54, ikaja 16 na ushee. Nikajiaminisha kwamba rimu yangu ni ya inchi 16. Kumbe ni 15! Namba ya rimu haichukuliwi kwenye ukingo wa nje unaouona kwa macho. Inachukuliwa kule ndani tairi linapokalia, na ukingo unapanda juu ya hapo kama milimita 17 kila upande. Kwa hiyo acha tepu, soma ubavu wa tairi. Ukikuta 185/65 R15, ile 15 ya mwisho ndiyo unayoitafuta. Hiyo 185 ni upana wa tairi kwa milimita, na 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Hizo mbili hazihusu wilikepu.

Mimi nikanunua za 16. Hazikuingia. Aliyeniuzia akaniambia niyabane makucha kwa ndani, zitaingia tu. Nikayabana, nikakata waya kidogo, nikazigonga kwa nyundo ya mpira, zikaingia. Zilikaa siku kumi na moja.

Sasa nieleze inavyoshika, kwa sababu ukishaelewa hapo mengine yanajileta. Wilikepu za kubonyeza, ambazo ndizo nyingi, zina makucha ya plastiki mgongoni, na waya mmoja wa duara unaopita nyuma ya makucha hayo na kuyasukuma kwa nje. Makucha yanang'ata kwenye mfereji mdogo ulio upande wa ndani wa ukingo wa rimu. Hakuna kingine kinachoshika hapo. Nguvu yote inatoka kwenye ule waya unaotaka kutanuka. Ukiukata kama nilivyoukata mimi, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi.

Ukitazama waya huo utaona sehemu moja imepinda kuingia ndani, kama herufi U pana. Hapo ndipo valvu inapopita. Watu wengi wanautoa waya wakati wa kuosha, kisha wanaurudisha huku ile U ikiangalia upande mwingine. Wilikepu inaingia vizuri tu, lakini waya unakuwa umeegemea valvu ya mpira, na kila mzunguko unaisugua.

Kipimo cha pili ni kina, na hiki hakuna anayekitaja dukani. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya ukingo wa rimu, kutoka upande hadi upande. Kisha pima kutoka kwenye rula kwenda ndani hadi kwenye kitu kilichochomoza zaidi, iwe nati au kile kikombe cha grisi katikati ya habu, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake. Kwenye magari ya kuvuta kwa nyuma na yale ya kuvuta kwa magurudumu yote, habu ya mbele inaweza kuchomoza mpaka ikaipita rula. Hapo wilikepu bapa haiwezi kukaa hata iwe ya saizi sahihi, itabaki imebebwa na habu huku makucha hayajafika kwenye mfereji.

Njia niliyoiamini ni hii. Chukua plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, finyanga vijidonge vya ukubwa wa ncha ya kidole, bandika kimoja juu ya kila nati na kimoja katikati. Funga wilikepu, ibonyeze mpaka mwisho, kisha ivue taratibu. Tazama vijidonge vimebaki na unene gani. Changu cha katikati kilibaki na milimita 9, za kwenye nati 12. Kama kimoja kimebaki chembamba kama karatasi, wilikepu inagusa pale, na ikigusa itapasuka au itachomoka.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika tano kwa tairi. Safisha ule mfereji kwa brashi ya waya mpaka tope na kutu viishe, kausha. Linganisha tundu la valvu na valvu. Anza kubonyeza upande wa valvu, kisha zunguka kwa viganja pande zote mbili kwa pamoja mpaka mikono ikutane upande wa pili. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu, na inatakiwa iwe ngumu. Utasikia mlio wa kubana. Ikiingia laini kama kifuniko cha ndoo, waya ni mdogo au umechoka. Usitumie nyundo. Kama ni ngumu mno, paka maji ya sabuni kidogo kwenye makucha, au ziache plastiki zipate joto la jua kwanza.

Ukimaliza, chora mstari wa chaki kutoka kwenye wilikepu kuingia kwenye tairi. Tembea kilomita 20, rudi uangalie. Mstari ukikatika, wilikepu inateleza ndani ya rimu, na ndiyo inayoelekea kukata valvu.

Nakaribisha maswali na masahihisho.

#2 DerevaWaUsiku

Nafuatilia mkuu. Hilo la kupima kwa nje limenigusa, nilikuwa naelekea dukani kesho na namba isiyo sahihi mfukoni.

#3 Spana_21

Uzi mzuri, lakini umesahau kebo tai, zile kamba za plastiki za kujifunga zenyewe. Mimi nina miaka minne na wilikepu zangu, kila moja nimeifunga kwa kebo tai tatu, haijawahi kutoka hata moja. Kazi ya dakika mbili, hakuna plastisini wala chaki.

#4 MguuWaChuma

Mkuu Spana_21, sijazisahau, ninazo kwenye zangu pia. Ila nimeziweka baada ya wilikepu kushika yenyewe vizuri, kama ulinzi wa pili. Kebo tai ikiwa ndiyo pekee inayoibeba, wilikepu inacheza ndani yake siku nzima, na plastiki inaliwa pale kamba inapopita. Niliivua ya rafiki yangu mmoja iliyokuwa inategemea kebo tai tu, nikakuta kamba imeshajikatia njia ya milimita 6 ndani ya wilikepu.

Nikuulize, zako ni nyeusi au nyeupe?

#5 Spana_21

Nyeusi. Zile nyeupe nilianza nazo, zikawa zinakatika zenyewe baada ya miezi michache.

#6 MguuWaChuma

Hapo ndipo penyewe. Nyeupe ni nailoni isiyo na kinga, jua linaikausha mpaka inakatika kama kijiti kikavu. Nyeusi zilizotengenezwa kwa matumizi ya nje zina kaboni ndani yake inayozuia jua, zinadumu zaidi.

Niongezee namna ya kuipitisha, maana nimeona watu wanakosea. Ipite kwenye tundu la wilikepu, iingie kwenye tundu la hewa la rimu, izunguke ule mhimili wa chuma ulio kati ya matundu mawili, irudi mbele. Kichwa cha kebo tai kifiche nyuma ya mhimili wa wilikepu. Mkia ukate usawa na kichwa, usibakize hata milimita 2, kwa sababu uliokatwa kwa mshazari unachana mkono wa atakayeosha gari. Kabla ya kushusha jeki, zungusha tairi kwa mkono mizunguko kamili miwili ukisikiliza. Ukisikia kitu kinakwaruza, kuna kebo tai inayogusa kalipa ya breki, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski.

Na weka akiba ya kebo tai pamoja na kikata waya kidogo karibu na jeki yako. Ukipata pancha usiku utazikata zote, na utataka kufunga upya.

#7 RimuTupu14

Mimi nataka niweke skrubu. Nitatoboa ukingo wa rimu sehemu tatu, nikaze, nisahau habari za makucha. Niliona picha za magari ya zamani ya mashindano yana vifuniko bapa vya alumini vimefungwa hivyohivyo.

#8 MwanaGereji

Kaka, nakuomba usitoboe. Nafanya kazi ya matairi na nimeona matokeo yake.

Picha hizo ulizoona nazifahamu. Ni vile vifuniko bapa vya alumini vilivyopata umaarufu kwenye magari ya kukimbizana na rekodi ya mwendo kule Bonneville, kwenye uwanda wa chumvi wa Utah nchini Marekani. Jina la Dean Moon wa California ndilo lililokwenda navyo. Wao walitafuta upepo upite laini ubavuni mwa tairi, na gari la aina hiyo linakaguliwa kabla ya kila mbio. Gari lako linakwenda kazini kila siku, kwenye mvua na vumbi, na hakuna anayelikagua isipokuwa wewe.

Tairi zetu nyingi hazina tyubu. Upepo unashikwa na chuma cha rimu chenyewe. Ukitoboa milimita chache tu ndani ya mahali tairi linapokalia, umetengeneza pancha ya kudumu. Hata ukiwa nje ya hapo, tundu kwenye ukingo ni mwanzo wa ufa, na kutu inaingia kwenye ufa kabla ya rangi. Rimu yenye ufa mimi siitengenezi, naikataa.

#9 NatiTano

Niongezee hesabu hapo, kwa sababu inasaidia kuona ukubwa wa jambo.

Tairi la 185/65 R15 lina mzingo wa kama mita 1.95. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 14 kila sekunde. Chukua kipande chenye gramu 10, kiweke sentimita 20 kutoka katikati. Kwenye mwendo huo kinavuta kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 1.6. Kipande cha gramu 100 mahali hapohapo kinavuta kama kilo 16.

Kwenye wilikepu iliyo sawa pande zote, mivuto hiyo inafutana. Upande mmoja ukizidi kwa gramu 10, ile kilo moja na nusu inazunguka mara 14 kwa sekunde, inavuta makucha ya upande huo huku inalegeza ya upande wa pili. Kwa hiyo anayetengeneza ya kwake aangalie mizani kabla ya rangi.

#10 MguuWaChuma

Mkuu NatiTano, hesabu yako ndiyo iliyonikuta. Acha nieleze seti yangu nilivyoitengeneza, kwa sababu wawili wameshaniuliza inboksi.

Sikutengeneza makucha. Makucha na waya ni kazi ya kiwandani, siwezi kuyafikia kwa mkono wangu. Nilichukua wilikepu nne za mtumba za inchi 15, zile za kawaida kabisa zenye nyuso zilizochubuka lakini makucha yote mazima, nikazifanya msingi. Kabla ya kuzichukua nilibonyeza kila ukucha kwa dole gumba. Plastiki nzima inapinda na kurudi. Iliyochoka inaweka mstari mweupe pale ilipopinda, na hiyo niliiacha palepale.

Uso mpya niliukata kwenye bapa la plastiki ya ABS la milimita 2, duara la sentimita 38. Wazo langu la kwanza lilikuwa alumini, na ingependeza kweli. Nikamkumbuka yule mzee. Duara la alumini likichomoka ni kisu kinachobingirika. Nikachagua plastiki.

Nilitaka uso wa matundu kumi ya mviringo, kila moja sentimita 5, kwa hiyo nikagawanya duara kwa nyuzi 36. Nilikata kwa msumeno wa tundu uliofungwa kwenye drili, mbao chini yake, mwendo wa polepole sana. Ukikimbiza drili, ABS haikatiki, inayeyuka na kushikana nyuma ya meno. Kila tundu nililisugua ukingo kwa msasa mpaka kidole kikapita bila kukwama, kwa sababu kona kali ndiyo inayoanza ufa. Uso mmoja mtupu, baada ya matundu, ulikuja karibu gramu 200.

Nikaufunga kwenye msingi kwa skrubu fupi kumi za milimita 4, moja katikati ya kila matundu mawili, na nati zile zenye pete ya nailoni ndani ili zisilegee. Kichwa cha skrubu kinakaa mbele, nati nyuma. Rudia plastisini ukifika hapa, maana nati za nyuma zimeshaongeza unene.

Mizani niliifanya mezani. Tafuta katikati kabisa ya wilikepu, tengeneza kishimo kidogo upande wa nyuma, iweke juu ya ncha ya msumari uliosimama. Upande mzito unashuka. Bandika vipande vya utepe upande unaopanda mpaka itulie bapa, niliweka pima maji juu yake kuhakikisha. Kisha uvue ule utepe, uupime, utajua gramu zinazokosekana. Yangu moja ilikosa karibu gramu 1. Nilibadilisha skrubu mbili za upande ule nikaweka ndefu kidogo, ikakaa.

#11 DerevaWaUsiku

Mkuu, kama nina printa ya 3D nisichape tu wilikepu nzima?

#12 MguuWaChuma

Uso unaweza, kwa plastiki sahihi. PLA, ambayo wengi wanaanza nayo, inalegea kwenye joto la kama nyuzi 60. Gari lililoegeshwa juani baada ya kushuka mlima mrefu linakupa joto hilo bila shida, na wilikepu itakaa kama kitambaa. ABS inavumilia hadi karibu nyuzi 100. ASA, plastiki nyingine ya kuchapia, inakaribiana nayo kwa joto, na inastahimili jua vizuri zaidi. Makucha usichape. Tabaka zilizochapwa zinaachana pale zinapopindwa tena na tena, na kupinda ndiyo kazi ya ukucha.

#13 Msasa400

Niingie kwenye rangi, kwa sababu hapo ndipo nimeona seti nyingi nzuri zinaharibika.

Geuza wilikepu, tafuta herufi zilizochorwa mgongoni kati ya mishale miwili. Ukikuta ABS, rangi itashika bila matatizo. Ukikuta PP, hiyo ni polipropilini, na rangi yoyote utakayoipiga moja kwa moja itatoka kama ganda baada ya wiki. PP inahitaji praima maalumu ya kushikisha plastiki kwanza, tabaka jembamba sana, kisha rangi kabla haijakauka kupita muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukikuta PA, ni nailoni, inashika rangi lakini lazima iwe kavu kabisa maana inafyonza maji.

Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, osha tena. Nta na dawa ya kung'arisha matairi ni adui wa rangi, na ziko kwenye kila wilikepu ya mtumba. Msasa namba 400, kisha 600, mpaka mng'ao wote ufe. Tabaka tatu nyembamba, dakika 10 hadi 15 kati yake. Nyunyiza ukianzia nje ya wilikepu, vuka, malizia nje, usianze wala kusimama katikati. Kisha klia, ile rangi ang'avu ya kinga ya juu, tabaka mbili. Baada ya hapo ziache angalau siku nzima kabla ya kuzigusa. Na makucha yafunike kwa utepe wakati wote. Rangi kwenye ukucha inaongeza unene na kuufanya utereze kwenye chuma.

#14 MwanaGereji

Na kwa sababu mmeshafika kwenye rangi, naomba niseme la rimu yenyewe, kwa herufi kubwa kama ningeweza.

Watu wakivua tairi ili wafunge wilikepu mpya, wanaona kutu, wanaamua kupaka rimu nzima. Ni sawa, toa kutu kwa brashi ya waya, praima ya chuma, rangi. Lakini usipake mahali pawili. Pa kwanza ni yale matundu ya nati, ile sehemu ya koni nati inapokalia. Pa pili ni mgongo wa rimu unaolala kwenye habu. Rangi hapo inakuwa kama mto. Utakaza nati leo mpaka mwisho, kesho rangi itakuwa imebonyea na nati imelegea. Na sasa umeshafunga wilikepu juu yake, huoni kitu. Nimepokea gari lililokuwa na nati tatu zimelegea chini ya wilikepu safi kabisa, na mwenyewe alikuja kulalamikia usukani unaotetemeka.

Legeza nati tairi likiwa bado chini, kisha inua kwa jeki na weka stendi. Ukirudisha, kaza kwa mtindo wa nyota, ukiruka kutoka nati moja kwenda ya upande wa pili, na malizia tairi likiwa chini kwa spana ya torki. Magari madogo mengi yanaangukia kati ya nyutoni-mita 90 na 120, lakini soma kitabu cha gari lako. Usipake grisi kwenye skrubu za habu, unakaza zaidi ya kiasi bila kujua. Tembea kilomita 50 hadi 100 BILA wilikepu, rudi ukaze tena, ndipo ufunge wilikepu.

#15 MguuWaChuma

Fundi, hilo la kutembea kwanza bila wilikepu nililifanya kinyume. Ahsante sana, seti ijayo nitafuata hivyo.

#16 MamaWaGurudumu

Samahani, naomba msaada. Tairi langu linasema R14, nimechukua wilikepu za 14, waya uko sawa, U iko kwenye valvu. Nikibonyeza hazishiki popote. Naziweka, zinaanguka. Nimeangalia ndani ya ukingo, hakuna mfereji wowote, ni chuma laini mpaka ukingoni.

#17 MwanaGereji

Dada, tazama bapa la rimu yako, lile lenye matundu. Je, limeingia ndani ya pipa la rimu, lile duara linalovalishwa tairi, au linafika mpaka ukingo wa nje kabisa na kuungwa hapo?

#18 MamaWaGurudumu

Linafika mpaka nje. Ukingo na bapa ni kama kitu kimoja.

#19 MwanaGereji

Basi wilikepu hazina kosa. Rimu za aina hiyo hazina mdomo wa ndani, makucha hayana pa kung'ata, na hakuna waya utakaobadilisha hilo. Usije ukashawishiwa kuzibandika kwa silikoni. Kuna siku utapata pancha na utahitaji kufikia nati kwa haraka.

Una njia mbili nzuri. Zipo wilikepu zinazobanwa chini ya nati zenyewe, lakini hizo lazima ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya rimu hiyo na nati zake, kwa sababu plastiki ikikaa kati ya nati na rimu, nati haijakaza chuma. Njia ya pili, ambayo ndiyo ningekushauri, ni kofia ndogo ya katikati inayofunika habu tu, na rimu yenyewe ipakwe rangi vizuri. Asili ya kifuniko ndiyo hiyo hasa, kofia ndogo ya kuzuia vumbi lisiingie kwenye beringi. Rimu ya chuma iliyosafishwa na kupakwa rangi moja iliyotulia ni nzuri kuliko wilikepu nyingi.

#20 MamaWaGurudumu

Ahsante sana fundi. Nitapaka rangi, na matundu ya nati nitayafunika kwa utepe yasipate rangi, kama ulivyoonya.

#21 RimuTupu14

Nimeelewa kuhusu kutoboa, nimeacha. Swali lingine: nikitengeneza uso usio na matundu kabisa, bapa kama zile za Bonneville, lakini kwenye makucha ya kawaida, kuna ubaya?

#22 NatiTano

Upepo utapita laini zaidi, hilo ni kweli, na ndiyo maana magari ya umeme mengi yanakuja na vifuniko vilivyozibwa zaidi. Tesla Model 3 zimetoka na vifuniko vya plastiki vinavyofunika rimu za aloi kwa sababu hiyohiyo. Lakini gari la umeme linapunguza mwendo kwa mota kwa sehemu kubwa, breki zake hazifanyi kazi kama zako. Breki zako zinageuza mwendo wote kuwa joto, na joto hilo linatokea kwenye matundu. Acha matundu, angalau kwenye magurudumu ya mbele, maana ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya kusimamisha gari. Ukiishi mahali pa miteremko mirefu, yaache mapana.

#23 BintiWaUsukani

Habari wakuu. Nimefuata uzi huu tangu mwanzo, nimefunga zangu jana. Tatu ziko sawa, mstari wa chaki haujakatika. Ya nyuma kulia imesogea upana wa vidole viwili baada ya kilomita 20, na inalia kama kitanda cha mbao nikitembea polepole. Waya nimeangalia, U iko sahihi.

#24 MguuWaChuma

Dada, ivue hiyo kabla hujatoka tena, isije ikafika kwenye valvu. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo mzunguko mzima. Je, kuna kipande cha risasi au chuma kimebanwa kwenye ukingo, kile cha kubalansi tairi?

#25 BintiWaUsukani

Kipo! Kirefu kama kidole changu kidogo. Makucha mawili yanakalia juu yake.

#26 MguuWaChuma

Ndicho hicho. Makucha mawili yakiinuliwa, yale ya jirani nayo hayafiki chini kwenye mfereji. Usikitoe mwenyewe, tairi litapoteza balansi. Mwambie fundi wa matairi akihamishie upande wa ndani au aweke kile cha kubandika, halafu abalansi upya.

Kuhusu mlio, ni plastiki inasugua chuma. Weka vitone vya silikoni sita mgongoni mwa wilikepu pale inapolala kwenye rimu, uviache vikauke siku nzima KABLA ya kuifunga. Vikishakauka vinakuwa kama mito midogo ya mpira, haviibandiki wilikepu.

Na ukiwa kwa fundi, mwonyeshe valvu. Kama imezama nyuma ya wilikepu mpaka huwezi kuweka geji, mwombe abadilishe iwe ya TR414. Ile ya kawaida, TR413, ina urefu wa kama milimita 43, hiyo nyingine ni kama 49. Milimita hizo 6 zinatosha. Vile virefusho vya kuchomeka juu vinaongeza uzito kwenye ncha na vinaweza kuvujisha.

#27 Spana_21

Nimevua zangu leo baada ya miaka minne, kwa ajili ya uzi huu. Kebo tai zimejikatia njia kwenye wilikepu mbili, kama ulivyosema mkuu. Na makucha matatu yamevunjika, sikuwa najua. Natafuta seti nyingine.

#28 BintiWaUsukani

Mrejesho. Kipande kimehamishwa ndani, tairi limebalansiwa, valvu zote nne zimebadilishwa. Nati nimezikaza upya baada ya kilomita 60 bila wilikepu, moja ilizunguka kidogo, nyingine hazikusogea. Vitone vya silikoni vimekauka tangu jana, nimefunga asubuhi, nimechora chaki mpya.

#29 MguuWaChuma

Safi sana dada. Ukifika kilomita 100 tuambie ya nyuma kulia.

#30 BintiWaUsukani

Nimetoka kuinama kuiangalia sasa hivi, kilomita 112. Mstari uko palepale, na ile kelele imekwisha.